Ufa wa Nani

Koki ilianza kulia usiku wa Jumanne,
tone, kimya, tone,
kama mtu anayehesabu deni lisilo lake.
Asubuhi nikamfuata Mzee Mwinyikondo barazani,
redio pajani, kikombe cha kahawa nusu.
Hakijazi kamwe.
"Dogo hilo, Nyamizi. Mpira wa ndani umekwisha.
Nenda dukani kwa Msuya, hata buku haifiki.
Jifanyie tu."

Nikajifanyia.
Nilifunga maji ya nyumba nzima bila kujua,
Mama Zaituni akatoka bafuni na povu kichwani
akaniita majina ambayo sijawahi kuitwa.
Lakini koki ilinyamaza,
na sitasema uongo, usiku ule nililala
nikijivunia mkono wangu.

Yakafuata madogo mengine.
Kitasa. Dogo.
Balbu ya korido, inayomulika vyumba vitano. Dogo.
Bawaba ya mlango wa choo,
ule tuliokuwa tukiushikilia kwa mkono huku tumechuchumaa. Dogo.
Soketi ikatoa cheche. Nikasema, hili hapana, mzee.
Akainua kidole gumba na cha shahada,
akaacha katikati mwanya wa punje ya mchele:
"Cheche tu. Moto uko wapi?"

"Usipoziba ufa," hupenda kuniambia,
"utajenga ukuta."
Naitikia kwa adabu.
Kisha usiku, Tabata yote haina umeme, nawaza:
ufa ni wa nani, mzee?
Na ukuta ukishasimama,
pale serikali ya mtaa utaandikwa jina la nani?

Nina daftari, jalada lake lina picha ya twiga.
Tepu ya bomba, elfu moja.
Kitasa, elfu kumi na nne,
maana cha elfu nane kilivunjika wiki ile ile.
Fundi Shukuru, soketi, elfu kumi na tano, na soda.
Miaka minne.
Vidogo hivi vina miguu:
vimetembea taratibu
hadi mlangoni pa kodi ya miezi mitatu.

Masika yalipoanza, dalali alileta kijana na mkewe mjamzito
kutazama chumba cha jirani.
Kilikuwa kimefungwa, wakaonyeshwa changu.
"Oneni kitasa. Oneni taa. Nyumba inatunzwa hii.
Ndiyo maana kodi imepanda. Kidogo tu."
Kidogo.
Nikauona ule mwanya wa punje ya mchele
ukipanuka hadi lori la mchanga likapita.

Walipoondoka nilichukua bisibisi.
Kitasa ni changu, nikasema, nitakivua.
Skrubu ya kwanza. Ya pili.
Ndipo nikasikia, nyuma, chumbani kwake:
tone, kimya, tone.

Mlango ulikuwa wazi.
Beseni chini ya koki, sufuria kitandani chini ya bati,
na yeye kwenye kigoda, koleo mkononi,
akiitafuta nati kama anayetunga uzi kwenye sindano gizani.
Mkono ulitetemeka.
Nikakumbuka kikombe kisichojaa.
Nikakumbuka hata ule mwanya wa vidole:
haukuwahi kutulia.

Ungesema, mzee.
Kuombwa ningeombeka.
Miaka minne umeniagiza.

Niliichukua koleo, sikuuliza.
Koki iliponyamaza nikaandika mbele yake:
*Mpira, chumba cha mwenye nyumba, mia tano.*
Nikamwekea daftari pajani, juu ya redio.
Alisoma yote, midomo ikitembea,
akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena.

"Hii soda," akauliza, "na yenyewe ni yangu?"
Nikasema ndiyo.
Akaomba kalamu.

Leo ni tarehe tatu. Kodi ni tarehe tano.
Daftari bado liko kwake.
Skrubu zangu mbili nimezirudisha,
sijazikaza.